Nimeongozwa sala ya toba mara sita, sasa nimeokoka mara ngapi?

Wiki hii meseji zote za maombi nimeziweka kapu moja maana zimekuwa nyingi alafu nyingi zinauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti. Majina nimeyatoa kama mlivyoomba. Na kama kawaida nawakumbusha, mimi sio mchungaji wala padri, ni mwalimu wa watoto wa jumapili na darasa la ubatizo kwa miaka mingi, nikiteleza mnisahihishe, mnajua wenyewe huwa hamna huruma.

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni dada wa miaka 31, naishi Tabata. Mara ya kwanza kuongozwa sala ya toba nilikuwa kidato cha pili, kwenye fellowship ya shule. Baada ya hapo kila mkutano mkubwa wa injili ukipigwa maeneo ya karibu najikuta nimenyoosha mkono tena. Nimehesabu, ni mara sita. Nikianguka dhambini naona kama ile ya mwanzo haikushika, labda sikumaanisha, labda nilikuwa natamka huku naangalia watu. Mwezi uliopita nikasikia mhubiri anasema kama hukumbuki tarehe uliyookoka basi hujaokoka. Mimi tarehe ninazo sita. Nihesabu ipi? – Mwenye tarehe sita*

Marahaba mdogo wangu. Hiyo ya tarehe sita ilinichekesha kwanza, alafu nikanyamaza, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa watu wanaozigawa hizo tarehe. Kuna miaka nilikuwa mshauri kwenye mikutano ya injili, kazi yetu ni kusimama pembeni ya jukwaa na kadi na kalamu, mhubiri akishamaliza kuongoza sala watu wanaletwa kwetu tunaandika jina, mtaa, namba ya simu, unasali wapi. Mkutano mmoja tulirudi na mfuko wa rambo umejaa kadi, tukaimba njia nzima kwenye daladala. Jumatano tukaanza kupiga simu. Nyingi hazipatikani, kijana mmoja akaniambia kaka mimi nilikuja mbele kuombewa mgongo, sio hayo mambo mengine, na mama mmoja akaniambia hii ni mara ya nne wewe huyohuyo unaniandika jina langu, kwani hunikumbuki? Sikumkumbuka. Nilikuwa nimeandika "mwongofu mpya" kwenye kadi nne za mtu mmoja.

Tangu siku hiyo nikaanza kuisoma Biblia nikitafuta jambo moja tu: hii sala tunayowatamkisha watu, mitume waliitumia wapi? Na nikwambie ukweli sikuiona. Siku ya Pentekoste watu wamechomwa mioyo wanamuuliza Petro tutendeje ndugu zetu, pale ndio ilikuwa nafasi nzuri kabisa ya kusema "fumbeni macho, rudieni maneno haya baada yangu", Petro hakusema hivo, alisema tubuni mkabatizwe, na siku hiyo wakaongezeka watu kama 3,000. Mlinzi wa gereza kule Filipi anauliza nifanye nini nipate kuokoka, anajibiwa mwamini Bwana Yesu, na kitu cha kwanza tunachoona amefanya usiku uleule ni kuchukua maji akawaosha Paulo na Sila majeraha ya viboko, alafu ndio akabatizwa na watu wake. Zakayo ndio kabisa, hakuna sala yake hata moja iliyoandikwa, kilichoandikwa ni hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Yesu akasema leo wokovu umefika nyumbani humu.

Sasa hii ya kuitwa mbele imetoka wapi? Imetoka Marekani, na sio zamani kihivyo. Kulikuwa na mhubiri anaitwa Charles Finney, alikuwa mwanasheria kabla hajawa mhubiri, na kwenye mikutano yake ya Rochester mwaka 1830 na 1831 aliweka benchi mbele kwa ajili ya watu wenye hofu na roho zao, anayetaka wokovu aje akae pale aombewe. Wamethodisti walishakuwa na kitu kama hicho kabla yake ila yeye ndiye aliyekipa umaarufu. Hata wakati ule kuna waliokataa, mwaka 1843 mwanateolojia mmoja John Williamson Nevin akaandika kijitabu kizima kulipinga lile benchi, hoja yake ni kwamba watu wataanza kuchanganya kutembea kwenda mbele na kumwendea Kristo. Baadae wakaja akina Billy Graham na viwanja vya mpira, na miaka ya 60 Bill Bright akatoa kijitabu cha kushuhudia ambacho mwishoni sala imechapwa kabisa, unasoma unamaliza. Kutoka hapo ndio ikatufikia sisi na maspika na jenereta.

Sisemi ni mbaya. Wapo watu nawafahamu walirudia hayo maneno nyuma ya mhubiri na maisha yao yakageuka, mmoja ni mke wangu. Ninachosema ni kwamba tumeifanya ile sala kama kutuma hela kwa simu. Unabonyeza nyota, namba, reli, unaweka neno la siri, ukikosea tarakimu moja muamala haujakamilika, rudia tena. Ndio maana unahangaika "haikushika". Nani kakwambia inashika kwa ufundi wa kutamka? Waefeso 2:8 inasema tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, na hata hiyo haikutokana na nafsi zetu. Kama usahihi wa sala yako ndio unaokuokoa basi ni kazi yako, na siku ukikohoa katikati umekwisha.

Najua utaniuliza na Warumi 10:13 je, kila atakayeliitia jina la Bwana ataokoka, si ndio sala hiyo? Ndio, ni sala, na siwezi kuikwepa. Ila ukisoma mstari unaofuata Paulo mwenyewe anauliza, wamwiteje yeye wasiyemwamini? Maana yake imani iko kabla ya kuita. Mtoto mchanga analia kwa sababu amezaliwa, halii ili azaliwe. Wakunga wanakisubiri kile kilio, kisiposikika wanaogopa, wanampigapiga mgongoni, lakini hakuna mkunga anayemwambia mtoto akiwa bado tumboni lia kwanza ndio utoke. Mwangalie Sauli pale Dameski. Anania anaogopa kwenda, Bwana anampa dalili moja tu ya kwamba mtu huyu amebadilika: angalia, anaomba. Na huyo Sauli alikuwa Farisayo, alikuwa anasali maisha yake yote! Ila kumbe mbinguni walikuwa wanaona ndio kwanza ameanza.

Kwa hiyo tarehe zako sita usizihesabu. Ukimlilia Mungu leo kwa sababu umeanguka jana, hiyo sio kuokoka mara ya saba, hiyo ni mtu aliyeokoka anafanya kinachotakiwa. Kwenye Baba Yetu Yesu ametuwekea "utusamehe makosa yetu" sambamba na mkate wa kila siku, sasa kama mkate ni wa kila siku unadhani msamaha ni wa mara moja kidato cha pili? Kama unataka sala ya toba ya kwenye Biblia iko Luka 18, ya mtoza ushuru, maneno 7 tu: Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi. Hakuongozwa na mtu na hakuja mbele, alisimama mbali.

Ila na mimi nina swali kwako, maana umeeleza habari ya mikono kunyooshwa mara sita hujasema neno hata moja kuhusu kilichofuata. Hiyo dhambi unayoiangukia, kuna mtu mwingine imemuumiza? Wazee wa uamsho wa Afrika Mashariki, ule uliowaka Gahini kule Rwanda miaka ya 30 ukashuka Uganda ukaingia mpaka Bukoba, hao ndio walituachia hili neno mlokole, limetoka kwenye Kiganda, maana yake aliyeokoka. Hao mtu akitubu hawakumuuliza tarehe, walitaka kuona baiskeli uliyoiba imerudi. Watu walirudisha vitu vya ofisini, walilipa madeni, waume waliwaomba radhi wake zao mbele ya kikundi. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu kule Kigezi, baada ya kuokoka alipanda baiskeli akaendesha maili 50 kwenda kumwomba msamaha mzungu mmoja ambaye yeye Festo alikuwa anamchukia. Maili 50, na barabara za wakati ule. Hebu fikiria hiyo baiskeli kabla hujanyoosha mkono wa saba.

*Bwana asifiwe mwalimu. Nina shida na mama mkwe. Ni mama wa Kilutheri wa Moshi, amebatizwa mtoto, amepata kipaimara, mpaka leo ni mzee wa usharika. Anaamka saa kumi na moja alfajiri anaimba na kusali mpaka tunaamka wote. Lakini hajawahi kuongozwa sala ya toba hata siku moja. Nimejaribu kumshuhudia, nikamuuliza mama umeokoka lini, akanijibu "we mtoto, ulinisikia nimepotea lini?" Naogopa atakufa hivohivo. Nimfanyeje? – Mkwe, Kibaha*

Dada, nimesoma hiyo meseji kwa sauti hapa nyumbani, wamecheka mpaka jirani kauliza kuna nini. Mama mkwe wako nampenda tayari.

Haya tuje kwenye hoja, maana hofu yako naiheshimu, imetoka kwenye upendo. Kuna mtu kwenye Matendo 10 anaitwa Kornelio, anasali daima, anatoa sadaka, malaika anamwambia sala zako zimefika juu mbele za Mungu, na bado anaambiwa atume watu Yafa wakamwite Petro aje amwambie habari za Yesu. Hapo uko sahihi, mtu anaweza kuwa mwombaji mzuri na bado anahitaji kusikia injili. Kusali peke yake hakumfanyi mtu kuwa wa Kristo, mbona watu wa kila dini wanasali. Lakini angalia na huu upande wa pili, Petro alipofika hakumtamkisha Kornelio sala yoyote. Alikuwa bado anahubiri, hajamaliza hata, Roho Mtakatifu akawashukia wote waliokuwa wanasikiliza. Petro akabaki anauliza tu maji yako wapi.

Swali la kumuuliza mama sio lini, ni nani. Unamtegemea nani siku ya mwisho, mama? Akikwambia namtegemea Yesu aliyenifia, basi, unataka nini tena, cheti? Timotheo hatuambiwi aliokoka tarehe ngapi, tunaambiwa imani ilikuwa kwa bibi yake Loisi kwanza, alafu mama yake Eunike, alafu yeye. Kuna watu wanaingia mjini kwa basi usiku na wanakumbuka saa ngapi wameshuka stendi, na kuna watu wamezaliwa mjini. Walutheri na Wakatoliki na Waanglikana wanasema Mungu anaanza na mtoto kwenye ubatizo alafu mtoto anakua ndani yake, sisi wengine tunasema mtu aamini kwanza, hayo mabishano yana miaka mingi na hatutayamaliza kwenye safu hii. Ila wote tunakubaliana kwamba aliyebatizwa asiyemjali Kristo ana shida, na aliyeongozwa sala ya toba asiyemjali Kristo ana shida ileile, amebadilisha tu karatasi.

Na pengine akikwambia namtegemea uzee wangu wa usharika, hapo kaa nae, msomeeni pamoja Warumi, taratibu, wewe ndio umshikie kitabu. Usimshuhudie mama mkwe kama unamsimamisha mtu barabarani. Ushauri wangu mwingine, kesho saa kumi na moja amka ukasali nae. Usimwambie kitu, kaa tu pembeni.

*Mwalimu mambo. Mimi ni boda niko Msamvu Morogoro, nina mwaka mmoja kwenye wokovu. Naingia kijiweni kumi na moja alfajiri natoka saa nne usiku. Kanisani tunafundishwa mwanafunzi wa kweli anaomba si chini ya saa moja kwa siku, kwa sababu Yesu alisema hamkuweza kukesha pamoja nami hata saa moja. Mimi nikipiga magoti dakika tano nalala. Mkesha wa ijumaa nililala kabisa kiongozi wa maombi akanimwagia maji. Wenzangu wananena kwa lugha mpaka asubuhi. Nahisi sio mwanafunzi. – Boda wa Msamvu*

Poa sana mdogo wangu, na pole kwa hayo maji.

Kwanza huo mstari. Yesu aliusema usiku mmoja, Gethsemane, saa chache kabla ya kukamatwa, hakuwa anapanga ratiba. Na Luka anasema aliwakuta wamelala kwa huzuni, walikuwa wamechoka na wamevunjika moyo, na Bwana mwenyewe akawatetea palepale, roho i radhi lakini mwili ni dhaifu. Hakumwagia mtu maji. Kina Petro walisinzia usiku muhimu kuliko yote duniani na bado akawaita wanafunzi. Eliya nae alipochoka chini ya ule mretemu akaomba afe, malaika hakumfundisha maombi ya vita, alimpikia mkate, akala akalala, akamwamsha tena akala.

Wakati huohuo sitaki nikufariji mpaka uache kuomba. Mwanafunzi asiyeomba ni kama boda asiyeweka mafuta, kwenye mteremko utaenda. Wanafunzi wa Yesu walimwona anaamka alfajiri na mapema kwenda mahali pasipo na watu, wakamwona anarudi, na katika yote aliyoyaweza kitu walichomwomba awafundishe kwenye Luka 11 ni kusali. Na alichowafundisha ukikisema polepole hakimalizi dakika moja. Alafu kwenye Mathayo 6 anasema msipayukepayuke kama watu wa mataifa wanaodhani watasikiwa kwa sababu ya maneno yao kuwa mengi. Wakristo wa mwanzo kabisa baada ya mitume walikuwa na maelekezo yameandikwa, useme Baba Yetu mara tatu kwa siku. Mara tatu. Hiyo ni asubuhi kabla hujawasha pikipiki, mchana ukiwa unakula, na usiku kabla hujalala, na mtu aliyeifanya hiyo mwaka mzima kwa akili zake zote simuhesabu kama mvivu.

Ngoja nikupe habari ya kinyozi. Martin Luther, huyu baba wa Walutheri, alikuwa na kinyozi wake pale Wittenberg anaitwa Peter, na yule kinyozi akamuuliza swali kama lako, nisalije mimi mtu wa kazi. Mwaka 1535 Luther akamwandikia kijitabu kizima cha kumjibu, yaani daktari wa teolojia anayegombana na mapapa na wafalme anakaa chini kumwandikia mtu wa wembe. Akamwambia sala iwe kazi ya kwanza asubuhi na ya mwisho usiku, na ujihadhari na ile sauti inayosema subiri kidogo, nimalizie hiki kwanza. Akamwambia chukua Amri Kumi, chukua Imani ya Mitume, chukua Baba Yetu, tafuna kipande kimoja: amri hii inanifundisha nini, nishukuru nini, nitubu nini, niombe nini. Na ukiona Roho ameanza kukufundisha katikati, achana na utaratibu, nyamaza usikilize. Alafu akatumia kazi yake yuleyule kinyozi kumpa mfano, akasema kinyozi mzuri macho na akili viko kwenye wembe, akianza kupiga soga na kuangalia huku na huku atamkata mteja pua au koo. Wewe hilo unalijua kuliko mimi. Unajua dereva anayeendesha huku akili iko kwenye simu.

Mimi hapo ndipo nilikuwa naishiaga nikifundisha, mpaka niliposoma yaliyompata huyo Peter mwenyewe. Mwaka huohuo 1535, jumamosi kabla ya Pasaka, wako mezani kwa mkwewe, wamekunywa, akamchoma kisu mume wa binti yake akafa. Mtu aliyeandikiwa kitabu cha maombi! Angeuawa, ila Luther na marafiki wakamwombea kwa watawala, wakamfukuza mji, mali zikapotea. Sijui nikueleze hii kwa sababu gani, labda kwa sababu mwaka mmoja kwenye wokovu watakwambia sana kwamba ukiomba masaa mengi huwezi kuanguka. Peter alikuwa na maelekezo bora kuliko yote ya Ulaya ya wakati wake. Alichokosa jioni ile ni mtu wa kumwambia baba, inatosha, tuondoke. Uanafunzi sio wewe na godoro lako tu, tafuta wenzako wawili pale kijiweni wanaomjua Bwana, muulizane, leo ulimchaji abiria halali? Yule mlevi ulimfikishaje?

Na kwa mchana, wakati unasubiri abiria, kuna sala fupi Waorthodoksi wanaisema tangu zamani sana, Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi. Inaingia kwenye pumzi moja. Unaweza kuisema mara mia kabla ya saa sita na hakuna mtu pale Msamvu atakayejua. Mkesha kama unafanya kazi jumamosi usiende, nenda jumapili ukiwa umelala. Ukilala kwenye pikipiki utaua mtu.

*Mwalimu, nimeambiwa maombi yangu yamekwama kwa sababu sijatoa sadaka ya kuyafungua, na kuna kiwango kimetajwa. Ni kweli? – Msomaji, Mwanza*

Si kweli. Soma Matendo 8, Simoni alipotaka kununua karama, Petro akamwambia fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe. Siku hizi anayetaja bei ni aliyeko madhabahuni, ndio tofauti tu. Hiyo hela kama unayo kalipe ada ya mtoto. Na kama kuna jirani yako mgonjwa mpelekee unga, Isaya 58 inasema hapo ndipo utaita na Bwana ataitika.

*Mwalimu, baba yangu amefariki wiki tatu zilizopita, Iringa. Alikuwa mtu wa kanisa la kimyakimya, haongei sana mambo ya Mungu, ila alikuwa na kitabu cha nyimbo alichokishika kila siku, tumekikuta kimejaa vikaratasi kila ukurasa. Usiku wa mwisho mtumishi mmoja alikuja wodini akataka baba arudie sala ya toba. Baba alikuwa na mashine ya oksijeni hawezi kuongea. Alinifinya mkono mara mbili. Saa nane usiku akaondoka. Msibani mjomba akasema mbele ya watu, "hatujui huyu kaenda wapi maana hakukiri kwa kinywa". Silali mwalimu. – Binti wa marehemu*

Pole mwanangu. Pole sana, na pole ya pili ni ya hilo neno la msibani, mtu mzima kusema vile mbele ya jeneza.

Sitakwambia kwamba najua moyo wa baba yako ulikuwaje, nikisema hivo nitakuwa namfanya mjomba wako kwa upande mwingine, anahukumu yeye na mimi nahukumu. Ila huo mstari aliousimamia, Warumi 10:9, ukimkiri Yesu kwa kinywa chako, Paulo aliuandikia watu wazima wenye midomo inayofanya kazi. Haukuandikwa ili mgonjwa avuliwe oksijeni. Mimi ninachokijua ni kwamba Hana alisali pale Shilo midomo inacheza tu sauti haisikiki, kuhani akamwona akadhani amelewa, kuhani mzima, mtaalamu wa maombi, akakosea, na Mungu alikuwa ameshasikia. Najua pia Warumi 8:26, kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kusikoweza kutamkwa. Nimekaa na wagonjwa wengi, huo mstari nausoma nikiwa nasikiliza ile mashine inavyovuta.

Na yule mhalifu pale msalabani, watu wanamtaja sana lakini hawasikilizi alichosema. Hakutaja toba, hakutaja dhambi zake kwenye ile sala yenyewe, hakusema naomba uingie moyoni mwangu. Alisema Yesu, nikumbuke. Mtu anayekufa hana pumzi ya maneno mengi, pale msalabani kila neno lilikuwa linauma. Akajibiwa leo hivi utakuwa pamoja nami peponi.

Mfinyo mara mbili sijui baba yako alimaanisha nini, na wewe hujui, usijilazimishe kuutafsiri usiku kucha. Lakini mtu hashiki kitabu cha nyimbo kila siku kwa miaka kwa sababu ya karatasi. Nyimbo zile nyingi ni sala, mtu anaimba bila kujua ameshatubu mara elfu. Mjomba kama atarudia yale maneno mwambie kwa heshima, mjomba, hilo tumwachie mwenyewe Mungu, alafu badilisha mazungumzo, mpe chai. Usibishane nae kwenye matanga.

Vile vikaratasi usivitoe kwenye kitabu, hata kama mtagawana vitu, omba kitabu kiwe chako. Na siku ukiwa na nguvu niandikie uniambie ni wimbo namba ngapi ulikuwa na vikaratasi vingi kuliko yote.